Kuchimba au kufua? Historia fupi ya kadi ya grafiki na chipu ya kazi moja

Msomaji mmoja kutoka Kenol, kaunti ya Murang'a, ameniandikia akiuliza swali ambalo sikulitarajia katika safu ya lugha. Anasema ana mkopo wa sacco ambao haujaguswa, na marafiki wawili wanamvuta huku na huku. Wa kwanza anamwambia anunue kadi za grafiki za mitumba, azipange kwenye rafu, "achimbe" sarafu za kidijitali usiku akilala. Wa pili anamcheka wa kwanza: hizo kadi ni za kitambo, achukue mashine yenye chipu maalumu, ile ambayo haijui kazi nyingine isipokuwa hiyo. "Sasa Prof," anamalizia, "nifuate nani? Na hilo neno kuchimba, kwani linatumika sawa?"

Swali la mwisho ndilo langu kikazi. Nilipoanza kulitafakari, hata hivyo, niligundua kwamba haliwezi kujibiwa peke yake. Historia ya neno na historia ya mashine zimesukwa pamoja kama ukili.

Msomaji mwenyewe anaishi katika mji unaofaa kwa somo la majina. Kenol ni jina la kampuni ya mafuta. Palikuwa na kituo cha petroli penye njia panda, pale barabara ya kwenda Murang'a mjini inapoachana na ile ya kuelekea Sagana na Nyeri, matatu zikasimama, vibanda vikaota, na makondakta wakaita "Kenol! Kenol!" hadi jina likashika. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019, na mabango yakabadilishwa. Mji haukubadilika jina. Jina likishazoeleka, halingoji ruhusa ya kitu lililotokana nacho. Ndivyo ilivyo kwa "kadi ya grafiki" ambayo siku hizi hufanya kazi mchana kutwa bila kuchora hata mstari, na ndivyo ilivyo kwa "mchimbaji" ambaye hajawahi kushika sururu.

Neno la kuchimba tulilitafsiri tu, hatukulibuni. Mnamo Oktoba 31, 2008, mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa andiko fupi lililoeleza jinsi Bitcoin itakavyofanya kazi, na mtandao wenyewe ukawashwa Januari 3, 2009. Katika andiko hilo, utoaji wa sarafu mpya unalinganishwa na kazi ya wachimba dhahabu, wanaotumia rasilimali zao ili kuongeza dhahabu sokoni. Mlinganisho huo ulikuwa wa kiuchumi: sarafu mpya haipatikani bure, ina gharama. Lakini tashbihi ilipogeuka istilahi, watu walisahau gharama wakabaki na dhahabu. Kijana akisikia "kuchimba" hufikiria kitu kilichofukiwa ardhini kikimngoja yeye.

Hakuna kitu kilichofukiwa. Kinachofanyika ni hiki. Malipo ya watu hukusanywa katika kifungu kimoja, kisha kompyuta huongeza nambari ya kubahatisha na kupitisha kifungu chote katika kanuni ya hesabu inayoitwa SHA-256, iliyochapishwa na taasisi ya viwango ya Marekani mwaka 2001. Kanuni hiyo hutoa jibu moja refu la tarakimu. Jibu likiwa dogo kuliko kiwango kilichowekwa, umeshinda, na unapewa sarafu mpya. Likiwa kubwa, unabadilisha nambari na kujaribu tena. Na tena. Hakuna ujanja wa kulikaribia jibu. Jaribio la milioni moja halikufunzi lolote kuhusu jaribio linalofuata. Ni kama kurusha dadu, ila dadu lenyewe lina nyuso zisizohesabika. Mtandao hupanga ugumu wake ili mshindi mmoja apatikane takriban kila dakika kumi. Wachezaji wakizidi, kila baada ya vifungu 2,016, yaani wiki mbili hivi, ugumu unapandishwa.

Kama ni lazima tutafute mfano karibu na nyumbani, uchimbaji uliofanana na huu ni wa zamani sana. Wafua chuma wa Agikuyu, aturi, walikuwa na namna yao ya kupata madini: walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka kwa vijito na kuuosha, wakimwaga ule mwepesi na kubakiza uzito kidogo chini. W. S. Routledge na mkewe Katherine, walioishi karibu na Nyeri, waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1910. Mchanga mwingi, chuma kidogo. Lakini hata hapo chuma kilikuwamo mchangani.

Basi, mashine. Mwanzoni kila mtu alitumia prosesa ya kawaida ya kompyuta yake, ule ubongo unaofungua barua pepe na kupiga hesabu za ofisi. Andiko la 2008 liliwazia jambo la kidemokrasia: prosesa moja, kura moja. Prosesa nzuri ya wakati huo ilifanya majaribio milioni kadhaa kwa sekunde, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi bwenini aliweza kupata sarafu 50 kwa mkupuo. Kwa kuwa hazikuwa na bei, hakuna aliyejali.

Kadi ya grafiki ilitengenezwa kwa shida nyingine kabisa. Mchezo wa video unapochora nyasi, maji na uso wa mtu, lazima upige hesabu ileile kwa mamilioni ya vinukta kwa wakati mmoja. Prosesa ni kama fundi mmoja hodari anayefanya kila kitu kwa zamu. Kadi ya grafiki ni kama mamia ya vibarua wa mjengo, kila mmoja akijua kubeba jiwe tu, lakini wote wakibeba kwa pamoja. Kazi ya kubahatisha nambari inawataka vibarua; haina haja ya fundi. Nakamoto mwenyewe aliliona hilo mapema. Desemba 2009 aliwasihi wenzake waahirishe mashindano ya kadi kwa kadiri iwezekanavyo, kwa mapatano ya kiungwana, ili mgeni yeyote aweze kushiriki bila kuhangaikia vifaa.

Uungwana haukufika mbali. Mei 2010 mtaalamu wa programu huko Florida, Laszlo Hanyecz, alitangaza njia ya kutumia kadi ya grafiki. Huyu ndiye aliyelipa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili mnamo Mei 22 mwaka huohuo, na wengi humkumbuka kwa piza. Mimi namkumbuka kwa kadi. Kadi ya Radeon HD 5870, iliyotoka 2009, ilifanya majaribio takriban milioni 400 kwa sekunde, na yule mwanafunzi wa bwenini hakuwa na lake tena. Kadi za AMD zilizipita za Nvidia kwa kazi hii kwa sababu ya jinsi zilivyoshughulikia hesabu za namba kamili. Hata hivyo, mlango ulikuwa bado wazi: kadi iliuzwa madukani, na yeyote mwenye fedha za kununua baiskeli nzuri aliweza kuingia. Na akishindwa, angemuuzia kijana anayecheza michezo ya video.

Sisi Wakenya tuliwahi kuliona jambo hili kwa macho, tena kwa dhahabu halisi. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, walowezi waliopigwa na nzige na mdororo wa uchumi walimiminika huko na karai, wakiosha mchanga mitoni. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi iliyokuwa na miaka miwili tu, ili ardhi ya wenyeji itwaliwe kwa uchimbaji bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Baada ya muda mfupi dhahabu ya juu juu iliisha, na yaliyobaki yalikuwa ya kampuni zenye mashine za kuteremka chini, kama Rosterman, mgodi uliofungwa 1952. Mwenye karai alitangulia, na mwenye mtambo ndiye aliyebaki.

Katika sarafu za kidijitali mtambo ulifika Januari 2013. Kampuni ya Canaan ya Uchina ilituma kwa wateja mashine iliyoitwa Avalon. Ndani yake hamkuwa na vibarua wa kuamrishwa. Chipu yenyewe ilichorwa SHA-256 na si kitu kingine. Kanuni haikuandikwa kama programu, ilichongwa katika silikoni. Huwezi kuiambia ichore, icheze, wala ijumlishe mauzo ya duka. Mashine moja ilifanya majaribio zaidi ya bilioni 60 kwa sekunde kwa takriban wati 600, umeme ambao ungeendesha kadi tatu hivi za Radeon zenye jumla ya bilioni 1.2. Mwaka huohuo wa 2013 ilianzishwa Bitmain, na mashine yake ya S9 ya mwaka 2016 ikafika trilioni 13 na ushei. S21, iliyotangazwa 2023, hufanya trilioni 200 kwa wati 3,500.

Namba hizi humpita mtu masikioni, kwa hivyo tuziteremshe hadi mto Tana. Ili kulingana na S21 moja, ungehitaji kadi nusu milioni za HD 5870. Kila moja hula wati 188 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Jumla ni megawati 94, yaani sawa na uwezo wote wa bwawa la Kamburu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1974. Kilichohitaji Kamburu nzima sasa kinafanywa na sanduku unaloweza kulibeba kwapani, ingawa utaweweseka kwa kelele za feni zake. Rafiki wa pili wa msomaji wetu anasema kweli: kwa Bitcoin, kadi ya grafiki ilikufa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Lakini wa kwanza naye hajapotoka kabisa, na hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Sarafu si Bitcoin peke yake. Kuna waliochukizwa na hali hiyo wakaamua kubuni kanuni ambazo chipu ya kazi moja haingeziweza kirahisi. Litecoin ya 2011 ilijaribu; mwaka 2014 chipu maalumu zikaifikia. Ethereum, iliyoanza Julai 2015, ilifanikiwa zaidi kwa kudai kumbukumbu kubwa, kitu ambacho kadi za grafiki zinacho tayari. Ndiyo sababu kati ya 2017 na 2018, kisha tena kuanzia 2020, kadi ziliadimika duniani hadi wacheza michezo wakalia, na Februari 2021 Nvidia ikatangaza kwamba kadi yake mpya ya RTX 3060 itapunguziwa makusudi kasi ya kuchimba Ethereum. Halafu mnamo Septemba 15, 2022 Ethereum ikaacha kabisa mtindo huo. Tangu siku hiyo wanaoidhinisha malipo huweka dhamana ya sarafu zao badala ya kushindana kwa umeme. Wenye maghala ya kadi waliamka wakakuta kazi imekwisha. Kadi zikamiminika sokoni kama mitumba ya Gikomba, na bila shaka hizo ndizo anazouziwa kijana wa Kenol leo.

Lakini kadi ina maisha zaidi ya moja. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton walitumia kadi mbili za kawaida za michezo, GTX 580, kuifunza kompyuta kutambua picha, na hapo ndipo wimbi la sasa la akili mnemba lilipopata nguvu. Kadi iliyofukuzwa katika Bitcoin ikaajiriwa kwingine kwa mshahara mkubwa. Chipu maalumu haina bahati hiyo. Ikipitwa na nyingine inayotumia umeme kidogo, inabaki chuma chakavu chenye feni.

Wazee wa Murang'a na Nyeri hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Panga hukata nyasi, hupasua kuni, huchimba shimo la mche, na hata humenya muwa. Mashine ya kuambua maganda ya kahawa hufanya jambo moja, na hulifanya kuliko mikono mia. Lakini Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika, bei ikaporomoka, wakulima wengi wakaitelekeza mikahawa na wengine kuing'oa. Aliyekuwa na panga alilima ndizi. Mashine za kahawa hazikuwa na pa kwenda. Zilikaa viwandani zikingoja zao ambalo halikuja.

Sasa tupige hesabu ya mkopo wa sacco, maana historia bila hesabu ni ngano. Nachukua katikati ya mwaka 2024, baada ya zawadi ya kila kifungu kupunguzwa mwezi Aprili kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125. Dunia nzima ilikuwa ikigawana Bitcoin 450 kwa siku, na mtandao ulikuwa ukifanya majaribio trilioni mara milioni 600 kwa sekunde. S21 moja ilikuwa sehemu moja ya milioni tatu. Kwa bei ya dola 65,000, na dola kwa Sh129, fungu lake lilikuwa kama Sh1,250 kwa siku. Mashine hiyohiyo hula yuniti 84 za stima kila siku. Tuseme yuniti ni Sh25, bei ambayo mwenye mita ya nyumbani ataiona kuwa ya huruma: hiyo ni Sh2,100. Hasara ya Sh850 kila uchao, kabla ya kulipa hata senti ya maelfu ya dola za kununulia mashine. Na ile kadi ya zamani? Ingehitaji zaidi ya mwaka kupata shilingi moja, huku ikila stima ya Sh112 kwa siku. Hata ungeipa kasi mara ishirini, shilingi hiyo ingechukua wiki tatu.

(Nimetabasamu nikiandika "yuniti". Katika Kenya mtu hununua "tokeni" za stima, na mitandaoni anauziwa "tokeni" za kripto. Wengine wanabadilisha moja kuwa nyingine, na mara nyingi kwa hasara.)

Hesabu hiyo inageuka pale tu yuniti inaposhuka chini ya Sh15 hivi, na bei hiyo huipati kwenye ploti ya Kenol. Unaipata kwenye mto. Maji ya Mlima Kenya na Aberdare yamezungusha mitambo tangu enzi za ukoloni. Wanjii, katika Murang'a hiihii, ni ya 1952. Miaka ya karibuni vituo vidogo vya vijijini vimeongezeka: Tungu-Kabiri huko Tharaka-Nithi, wa kilowati 18, ulijengwa na wanakijiji wenyewe, na viwanda vya majani chai vina mitambo yao. Tatizo la vituo vya namna hii ni moja. Mto hautulii usiku, lakini wateja hulala. Umeme wa saa nane za usiku hauna mnunuzi.

Hapo ndipo kampuni ya Kenya iitwayo Gridless ilipoona nafasi. Waasisi wake ni Erik Hersman, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha Ushahidi mwaka 2008, Janet Maingi na Philip Walton. Desemba 2022 ilitangaza kupata dola milioni 2 kutoka kwa Stillmark na Block, na mikataba ya majaribio matano na kampuni ya umeme wa maji ya HydroBox vijijini mwa Kenya, matatu yakiwa tayari yanafanya kazi. Mpango ni kwamba mashine zinanunua umeme uliobaki, na watu wakihitaji umeme huo, mashine zinazimwa. Chipu ya kazi moja haikasiriki ikizimwa. Mashariki mwa Kongo, Mbuga ya Virunga ilifanya jambo la jamii hiyo kuanzia 2020 huko Luviro: utalii ulikuwa umekwama kwa sababu ya vita na maradhi, nayo mbuga ikaweka mashine kando ya mtambo wake wa maji ili umeme usio na mteja ulipe mishahara ya askari wa wanyama.

Sioni katika miradi hii nafasi ya mtu mmoja mwenye mkopo. Naona mwenye mto, mwenye mtaji na mwenye mkataba. Ndugu yetu wa Kenol asinunue kimojawapo kwa ajili ya Bitcoin. Akitaka kadi ya grafiki kwa sababu binti yake anasomea kompyuta kule Dedan Kimathi, Nyeri, chuo ambacho ndani yake kuna karakana ya Semiconductor Technologies inayoshughulika na kutengeneza chipu, hapo nitamwambia aichague vizuri, aipime joto, ampe mtoto. Hiyo itafanya kazi kumi.

Nirudi kwa neno. Kiswahili kina kitenzi ambacho hatujakitumia hapa, nacho ni kufua. Mhunzi hufua chuma. Watanzania husema kufua umeme, na mtambo wa bwawani kwao ni mtambo wa kufulia umeme. Sonara hufua fedha na dhahabu. Kilwa ilitoa sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani wake karne nyingi kabla ya wakoloni, na chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Shaba ilitoka mbali. Sarafu ilizaliwa pale ilipogongwa nyundo. Yanayofanyika ndani ya S21 yanafanana na hayo: umeme unaingia, joto linatoka, na mara mojamoja sarafu inapatikana. Malighafi inaonekana katika jina. Ukimwambia mtu "tunafua sarafu kwa umeme", swali lake la kwanza litakuwa bei ya umeme. Ukimwambia "tunachimba", atauliza dhahabu iko wapi.

Najua "kuchimba" limeshika, na wahariri hawataliacha kwa sababu yangu. Napendekeza tu kwamba "kufua sarafu" lipewe nafasi kandokando yake, na anayefanya kazi hiyo aitwe mfua sarafu. Kwa mashine, "chipu ya kazi moja" naliona linajieleza kuliko "chipu maalumu", kwani kila muuzaji ana kitu anachokiita maalumu. Kuhusu "kadi ya grafiki" bado nimekwama. Aliye na neno bora, hasa lisilotaja michoro, aniandikie kupitia kwa mhariri.